Usaili wa PhD ya saratani: nenda na kisa kizima, acha kukariri majina ya jeni

Barua imetoka jamani, nimepata, PhD yenye ufadhili kamili, na tangu nilipotangaza inboksi haipumui, "dada tupe siri", "dada ulijibu nini". Haya, nimekaa hapa Shangani, Mtwara, nawaandikia, maana najua nyie mnaonisoma mnaitaka hiyo hiyo.

Mada yangu ni jinsi upungufu wa oksijeni unavyobadilisha utendaji wa jeni kwenye saratani ya mji wa mimba. Kabla ya hapo nilishaitwa usaili sehemu nyingine, sitaitaja, na mzee mmoja wa paneli alipoona nimesoma Masasi akanikata katikati ya jibu, akasema huko si korosho tu, wenzake wakacheka naye. Hilo sijalisahau na wala sina haraka ya kulisahau.

Safari hii nilienda na kisa, sio orodha. Uvimbe unakua haraka kuliko mishipa ya damu, na oksijeni ikishatoka kwenye mshipa haifiki mbali, mikromita 100 hadi 200 hivi basi, kwa hiyo seli za ndani zinakabwa. Sasa kuna protini inaitwa HIF-1 alfa. Oksijeni ikiwepo, vimeng'enya vinaipiga alama, protini nyingine inayoitwa VHL inaidaka, inavunjwavunjwa ndani ya dakika chache. Oksijeni ikipungua alama haipigwi, HIF inarundikana, inaingia kwenye kiini cha seli na kuwasha jeni kibao: VEGF inaita mishipa mipya, GLUT1 inaingiza sukari kwa fujo, maana seli imeanza kuichoma sukari kama tanuri la mkaa lililofukiwa udongo. Kaelin, Ratcliffe na Semenza walipewa Nobel 2019 kwa kugundua jinsi seli zinavyoihisi oksijeni. Na mionzi ya kutibu saratani nayo inakwama hapo hapo, seli isiyo na oksijeni inaweza kuhitaji dozi karibu mara 3 ndio ife, ndio maana hili jambo sio la maabara tu.

Kisa hicho ukikishika, swali lolote linaangukia humo humo. Elewa, usikariri. Narudia, elewa.

Wakaniuliza jeni hizo utazipimaje, nikasema qPCR, kipimo kinachoonyesha jeni inafanya kazi kiasi gani kwa kuhesabu nakala zake za RNA. Na jeni ya kulinganishia, ile isiyotakiwa kubadilika? Nikawaambia yoyote nitakayoihakiki kwanza, ila sio GAPDH. Profesa mmoja akaweka kalamu chini, kwa nini? Nikamwambia kwenye masta nilikuwa na seli za Ishikawa, zile zilizotokana na saratani ya mji wa mimba ya mama mmoja wa Japani, ndani ya inkubeta, kabati la kukuzia seli, ya oksijeni asilimia 1, na kwenye skrini mstari wa GAPDH, ambao watu wanauchukulia kama haubadiliki, ukawa unanyanyuka mapema, yaani GAPDH imeongezeka, kuliko wa seli zilizokaa kwenye hewa ya kawaida, wakati RNA niliyoweka niliipima ikawa sawasawa pande zote. GAPDH ni kimeng'enya cha kuvunja sukari, HIF yenyewe inaiamsha, sasa utalinganishaje na kitu kinachopanda na wewe? Akatabasamu. Nikaongeza kwamba ukishafungua mlango wa inkubeta usianze kupiga stori, oksijeni ikiingia HIF inavunjwa, haitakusubiri, vunja seli hapo hapo. Nilitamani yule mzee wa korosho angekuwepo.

Halafu jamani mnaotaka kufanya utafiti huu, jueni mnaongelea nini. Bibi yangu Newala aliniuliza, mjukuu wangu, ndio ile ya chanjo ya watoto wa shule? Nikamwambia hapana bibi, ile chanjo ya virusi vya HPV waliyoanza kuwapa mabinti wa miaka 14 mwaka 2018 ni ya mlango wa kizazi, hii yangu inaota ndani kabisa, kwenye ukuta wa mji wa mimba, na mara nyingi inawapata waliokoma hedhi. Bibi kaelewa, na wewe mwenye digrii unaandika kwenye proposo kwamba inasababishwa na HPV, nimeziona kwa macho yangu.

Na mkiwa mnasoma majeni yenu msiwasahau mama zenu nyumbani. Hedhi ikishakoma halafu damu ikatoka, hata tone, mpeleke hospitali ya Ligula akapimwe, habari ya kungoja msimu wa korosho uishe hapana.