Kuandika Nota za Wimbo kwa Kusikiliza: Ushauri kwa Mwanafunzi Anayeanza

Katika kwaya nyingi za wanafunzi, wimbo hupendwa kabla nota zake hazijapatikana. Rekodi inazunguka katika simu, kila mtu anakijua kiitikio, mwalimu wa kwaya anataka uimbwe Dominika ijayo au siku ya mahafali, lakini karatasi haipo na mtunzi yuko mbali au hajulikani. Hapo ndipo mwanafunzi mmoja hukaa na kalamu na kuanza kuuandika kwa kusikiliza, na wengi wetu tuliingia katika kazi hii kwa mlango huo. Ninawaandikia ninyi mnaoanza, hasa mnaoifanya baada ya vipindi, bila mwalimu wa muziki karibu. Jambo ninalotaka mlishike kuliko mengine ni kwamba sauti usiyoweza kuiimba mwenyewe, polepole na peke yake, bado hujaisikia, hata kama rekodi imekuwa ikipiga masikioni mwako tangu asubuhi. Kalamu ifuate mdomo. Anayeruka hatua hiyo na kukimbilia kinanda au gitaa kutafuta nota kwa kubahatisha huishia na karatasi iliyojaa sauti zinazokaribiana na wimbo, na waimbaji hulitambua hilo mara moja.

Anza na solfa, yaani kuandika sauti kwa herufi za do, re, mi na wenzake, hata kama lengo lako ni kuandika katika mistari mitano ya nota. Mfumo huu uliosambazwa na John Curwen, mchungaji wa Uingereza, kuanzia miaka ya 1840 kwa kujengea juu ya mbinu za mwalimu Sarah Glover wa Norwich, ulikusudiwa tangu mwanzo kuwafundisha kuimba watu wasiokuwa na vyombo wala fedha za masomo ya muziki. Ulifika kwetu pamoja na misheni kwa sababu hauhitaji zaidi ya herufi na alama za uandishi wa kawaida: nukta mbili hutenganisha mapigo, nukta moja huligawa pigo katikati, mkato huigawa nusu hiyo tena, na kistari huonyesha kwamba sauti inaendelea. Unaweza kuuandika nyuma ya daftari la kemia. Muhimu zaidi kwa kazi yetu, do ya solfa huhama, kwa hiyo unachoandika ni uhusiano wa sauti na sauti, ambao ndio sikio linaoushika kwa urahisi. Je, sauti hii ni F au F kali, yaani F iliyopandishwa nusu toni? Swali hilo linaweza kusubiri. Je, hii ni fa au mi? Hilo sikio lako linaweza kulijibu leo.

Kwa zoezi la kwanza, usichague wimbo unaouhitaji. Chagua wimbo ambao tayari unauimba bila kufikiri na ambao nota zake zilizochapishwa zinapatikana, ili ujisahihishe. Kwa Mtanzania, wimbo wa taifa unafaa sana. Muziki wake ulitungwa mwaka 1897 na Enoch Sontonga, mwalimu wa shule ya misheni karibu na Johannesburg, aliyeziandika nyimbo zake kwa solfa, hivyo unapoziandika sauti zake kwa herufi unaurudisha katika umbo la mwandiko wake wa kwanza. Mkenya ana mfano mwingine mzuri: wimbo wa taifa wa mwaka 1963 ulijengwa juu ya bembelezi la Wapokomo wa Mto Tana. Kabla ya kupangwa katika sauti kadhaa, ilibidi wimbo uliokaa vinywani mwa watu usikilizwe na kuwekwa katika karatasi. Kazi hiyohiyo, kwa kiwango chetu, ndiyo tunayoifanya bwenini.

Sasa tuingie katika kazi yenyewe. Andika kwanza maneno yote, silabi kwa silabi, yakiwa na nafasi kubwa juu yake, kisha tafuta pigo. Usiguse nota yoyote kabla pigo halijatulia, kwa maana makosa ya mapigo ndiyo yanayoharibu karatasi nyingi kuliko makosa ya sauti. Kiswahili kinakusaidia hapa, kwa kuwa mkazo wa neno huangukia silabi ya pili kutoka mwisho, na mtunzi makini aliyetunga kwa Kiswahili huiweka silabi hiyo mahali pazito: katika “Mwokozi”, tarajia “ko” ikae juu ya pigo la kwanza au jingine lenye nguvu, na silabi ya “mwo” itangulie kabla ya mstari wa baa, yaani mstari wa wima unaotenganisha fungu moja la mapigo na jingine. Tahadhari ni kwamba kanuni hii haifai kwa tenzi zilizotafsiriwa kutoka Kijerumani au Kiingereza, ambako muziki ulikuwapo kwanza na maneno yakalazimika kuufuata, kwa hiyo mkazo huanguka ovyo na atakayeutegemea atapotea.

Mahali panapowashinda wengi ni pale mapigo madogo sita yanapoweza kuhesabiwa kama makundi mawili ya matatu au makundi matatu ya mawili. Nyimbo nyingi zenye asili ya ngoma huchezea utata huo kwa makusudi: mwimbaji anakwenda kwa mawili, ngoma ndogo inakwenda kwa matatu, na kayamba inajaza vipande vyote sita bila kupumzika. Sikiliza kayamba ili uhesabu vipande vidogo, lakini usiipe mamlaka ya kuamua pigo kubwa. Kama kuna video, angalia miguu ya wachezaji, kwa sababu mguu unapokanyaga ndipo wenye wimbo wanapoliona pigo. Kama hakuna video, imba huku ukitembea chumbani. Mwendo usio sahihi utakufanya ujikwae ndani ya sentensi moja au mbili, na mwendo sahihi utakubeba hadi mwisho wa ubeti. Baada ya hapo chora mistari ya baa juu ya maneno yako.

Kuitafuta do si vigumu. Nenda mwisho kabisa wa wimbo na uivumishe sauti ya mwisho ya besi, si ya soprano, kwa kuwa soprano wakati mwingine humalizia kwenye mi au so, ilhali besi karibu kila mara hurudi nyumbani, yaani kwenye do, au kwenye la endapo wimbo una huzuni ya ufunguo mdogo. Panda ngazi kutoka hapo, do re mi fa so, kisha rudi mwanzo wa wimbo ukiwa bado umeishika do kichwani. Ukiona rekodi haikubaliani na kinanda, usishangae. Kanda za zamani zilizohamishiwa kwenye kompyuta hupanda au kushuka kulingana na kasi ya mashine iliyozicheza, na bendi nyingi zilisawazisha magitaa yao yenyewe kwa yenyewe bila kujali kama A yao inafikia kipimo cha kawaida cha hezi 440, yaani mitetemo 440 kwa sekunde. Chagua ufunguo, yaani sauti ya kinanda itakayokuwa do, ulio karibu na unaowafaa waimbaji wako. Kwaya inayoimba bila kinanda nayo huweza kuanza katika F na kumalizia katika E kwa uchovu tu, kwa hiyo kabla hujaandika kwamba mtunzi amebadili ufunguo, sikiliza kama mabadiliko yalitokea mahali pamoja au yaliteleza kidogokidogo. Mtunzi anayehama kweli huacha alama: fe (fa iliyopandishwa nusu toni) inayorudiarudia hukuelekeza kwenye ufunguo wa so, na ta (ti iliyoshushwa nusu toni) inayorudiarudia hukuelekeza kwenye ufunguo wa fa.

Andika soprano kwa vipande vya pumzi moja. Sikiliza kipande, simamisha rekodi, kiimbe kwa “la”, kiimbe tena kwa majina ya solfa, ndipo uandike. Kuimba kwa “la” kuna sababu yake, kwani irabu hudanganya sikio: silabi yenye “i” husikika kana kwamba iko juu kuliko yenye “u”, hata kama zote mbili zimeimbwa kwa sauti ileile.

Baada ya soprano nenda kwenye besi, usiende kwenye alto. Hili wanafunzi hulipinga sana, kwa sababu alto inaonekana kuwa jirani, lakini ukiwa na sauti ya juu na ya chini umeuzingira wimbo, na zilizobaki katikati huwa na nafasi chache za kujificha. Tatizo la besi ni la vifaa zaidi kuliko la sikio. F ya chini ambayo besi wa kwaya huifikia ina takriban hezi 87, na uzi mnene wa gitaa la besi una takriban hezi 41, ilhali spika ndogo ya simu haina uwezo wa kuzitoa sauti hizo kwa nguvu. Unachosikia kwenye simu ni mwangwi wake wa juu tu, na ndiyo maana besi nyingi zilizoandikwa kwa kusikiliza simu hukosewa oktava nzima, yaani umbali wa kutoka do hadi do inayofuata. Tumia hedifoni zinazoziba masikio vizuri, au pandisha rekodi nzima kwa oktava moja, yaani nusu toni 12, katika programu kama Audacity ambayo ni ya bure. Waimbaji watasikika kama watoto, lakini mstari wa besi utajitokeza waziwazi. Programu hiyohiyo hupunguza mwendo bila kushusha sauti. Punguza hadi robo tatu, au nusu kwa sehemu ngumu. Chini ya hapo sauti huanza kutetemeka na kukuongezea mashaka.

Alto na teno ndizo zinazompima mwandishi. Cheza au imba soprano na besi kwa pamoja, kisha ujiulize katika kila pigo zito ni sauti gani inayokosekana ili kodi, yaani kundi la sauti zinazolia pamoja, ikamilike: kama besi iko do na soprano iko so, mi lazima iwe mahali fulani. Jibu hilo lichukue kama dhana, urudi kwenye rekodi kuthibitisha kwa kuimba ile mi juu ya kwaya nzima. Kama ipo, sauti yako itayeyuka ndani yao, na kama haipo utasikia msuguano. Ninasisitiza uthibitisho huu kwa sababu mwanafunzi aliyesoma kanuni za kupanga sauti hushawishika kuandika kile ambacho kitabu kingependa. Kanuni za Ulaya hukataza sauti mbili kutembea sambamba kwa umbali wa tano, lakini watunzi wetu wengi na waimbaji wetu wengi hufanya hivyo kwa makusudi, na wimbo unapoondolewa tabia hiyo hugeuka kuwa wa mtu mwingine. Andika walichoimba. Pale ambapo kweli husikii, weka alama ya kuuliza kwa penseli na uendelee. Alama hiyo ni ya heshima zaidi kuliko sauti uliyoibuni.

Ukihamishia kazi katika mistari mitano, MuseScore inatosha na haina malipo. Kumbuka tu kwamba teno ikiandikwa kwa alama ya G, ile inayotumiwa kwa soprano, huimbwa oktava moja chini, na kwamba katika solfa vilevile teno na besi huandikwa oktava moja juu ya zinavyosikika ili kupunguza alama. Zipo pia programu zinazodai kuigeuza rekodi kuwa nota zenyewe. Kwa ala moja husaidia kiasi. Kwa kwaya ya sauti nne yenye kinanda na ngoma, huchanganya sauti kiasi kwamba kusahihisha kunachukua muda mrefu kuliko kuandika upya, na tena zinakunyima faida kubwa ya kazi hii, ambayo ni sikio lako mwenyewe.

Baadhi ya muziki hautaingia wote katika karatasi, na ni vema ulijue mapema usije ukaulaumu uwezo wako. Katika taarab ya Zanzibar inayofuata makamu za Kiarabu, yaani ngazi za sauti za muziki wa Kiarabu, makamu iitwayo rasti ina mi iliyo kati ya ile kubwa na ile ndogo, na solfa haina herufi yake. Kwa nyimbo za namna hii andika nota iliyo karibu, weka mshale juu au chini yake, na ueleze pembeni kwa sentensi moja jinsi inavyoimbwa. Usiilazimishe iingie kwenye kinanda.

Fanya kazi kwa nusu saa hivi kila mara, kisha uache, kwa maana sikio lililochoka huanza kukubali chochote. Siku ya pili soma ulichoandika bila kufungua rekodi, ukiuimba kutoka kwenye karatasi kama mgeni, na makosa mengi yatajitokeza hapo. Halafu tafuta waimbaji wanne ambao hawaujui wimbo, uwape karatasi na usiwaimbie kitu. Pale watakaposita wote kwa pamoja ndipo pa kurudia kusikiliza.

Juu ya karatasi andika jina la mtunzi, na kama hujui, ulizia kwenye kwaya iliyorekodi kabla ya kusambaza nakala. Nchini Tanzania kazi hizi zinalindwa na Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999, na kuandika nota kwa mkono wako hakukufanyi kuwa mmiliki wa wimbo. Watunzi wengi wa kwaya hufurahi wakiombwa, na baadhi yao watakutumia karatasi ya asili, ambayo utailinganisha na yako pigo kwa pigo. Chini ya karatasi taja ni rekodi ipi uliyoisikiliza, ufunguo iliosikika, na tarehe uliyomaliza, ili atakayekuta tofauti kati ya nota zako na za kwaya nyingine ajue pa kuanzia kuuliza.