Uhuru Mchanganyiko haijashuka
Ndugu, kusema shule ya msingi Uhuru Mchanganyiko ya Dar es Salaam imeshuka kiwango eti kwa sababu wastani wake wa mtihani wa darasa la saba haufikii wa shule za kulipia ni kuionea. Nyingi ya zile huchuja watoto mlangoni kwa usaili. Hii inapokea wasioona, wenye uoni hafifu, wenye ulemavu wa akili, wasome na wenzao. NECTA (Baraza la Mitihani la Tanzania) wenyewe huwaongezea watahiniwa wenye mahitaji maalumu dakika 20 kwa kila saa kwenye Hisabati na 10 kwenye masomo mengine (na tangu 2023 waliacha kutangaza shule kumi bora, afadhali). Mimi ningeuliza kwanza: vitabu vya nukta nundu, yale maandishi ya wasioona, vinatosha? Mwalimu mmoja ana watoto wangapi?