Kuchoma nukta mpini wa bastola: anza na mpaka, joto baadaye

Msomaji ameniandikia swali la mstari mmoja: pasi ya solda aiweke nyuzi ngapi za joto ili achome nukta, yaani vishimo vidogo vya kuufanya mpini usiteleze mkononi, kwenye mpini wa bastola yake? Nitamjibu, ila kwangu swali hilo ni la tatu kwa umuhimu. La kwanza ni kama mpini wenyewe unafaa kuchomwa, na la pili ni mpaka wa eneo utakalochoma. Kazi nyingi mbovu ninazoletewa kuzitazama hazikuharibiwa na joto. Nukta ziko sawa, lakini ukingo umeyumba, upande wa kushoto umepanda kuliko wa kulia, au nukta mbili tatu zimeruka na kutua pembeni ya kinga ya triga (kifyatulio). Hapo hakuna dawa. Plastiki iliyochomwa hairudi.

Njia hii ni ya fremu za plastiki tu; fremu ni ule mwili wa bastola wenye mpini. Heckler & Koch walitoa bastola ya VP70 yenye fremu ya plastiki mwaka 1970, na baada ya Glock 17 kuingia jeshi la Austria mwaka 1982 mtindo huo ukaenea kila mahali. Fremu nyingi za leo ni nailoni iliyochanganywa na nyuzi za glasi. Nailoni ya aina ya 6 huyeyuka karibu nyuzi 220 za Selsiasi, ya aina ya 66 karibu 260, na ndiyo maana namba moja ya joto haiwezi kumfaa kila mtu. Mpini wa mbao au wa alumini hukatwa mistari kwa tupa, hiyo ni kazi nyingine kabisa. Uliovikwa mpira usiuguse, kwa sababu mpira huungua na kunata bila kushika umbo.

Kabla ya yote pima unene. Ingiza kalipa, kile kipimo cha unene, kwenye tundu la magazini (kibebeo cha risasi) upime kuta za pembeni, halafu uangalie mgongo wa mpini: bastola nyingi zina uwazi hapo nyuma, na ukuta wake ni mwembamba kuliko unavyoonekana kwa nje. Pakiwa chini ya milimita 2, sahau habari ya kusaga, yaani kupunguza plastiki ili kubadili umbo la mpini. Choma nukta za juu juu tu, zisizozidi nusu milimita.

Na usijifunzie kwenye fremu. Vitako vya plastiki vya magazini, vile vifuniko vya chini, na vile vipande vya mgongo vya kubadilisha, vinavyokuja na bastola nyingi za sasa, huwa vya plastiki iliyo karibu sana na ile ya fremu, na kukiharibu kimoja si msiba. Mwenye SIG Sauer P320 ana bahati zaidi: mpini wake ni moduli inayotoka nzima, hivyo anaweza kununua wa pili wa kufanyia kazi na kuuacha wa kiwandani salama.

Kuhusu sheria, fahamu kwamba katika nchi nyingi fremu ndiyo silaha yenyewe kisheria na ndiyo yenye namba ya usajili. Kibati cha namba kisifikiwe na joto, msasa wala rangi; kufuta au kuharibu namba hiyo ni kosa la jinai. Kumpelekea fundi fremu tupu kunaweza kuhesabiwa sawa na kumpelekea bastola nzima, kwa hiyo hakikisha fundi ana leseni na uulize mamlaka zako utaratibu wa kuisafirisha. Dhamana ya kiwanda nayo uihesabu imekufa siku unapowasha pasi.

Sasa kazi. Toa magazini, vuta nyuma slaidi, ile sehemu ya juu inayoteleza, tazama ndani ya chemba kisha ipapase kwa kidole. Risasi zote ziende chumba kingine. Fungua bastola mpaka fremu ibaki tupu: ondoa slaidi, triga na mitambo yake, pini, kitufe cha magazini na springi yake. Wengi huacha kitufe cha magazini kwa uvivu, halafu plastiki iliyoyeyuka inasukumwa kwenye tundu lake na kitufe kinakwama. Piga picha kila hatua ya kufungua.

Osha fremu kwa maji ya vuguvugu na sabuni, kausha, kisha pangusa kwa alkoholi ya isopropili. Iache ikauke kabisa na uiondoe chupa mezani, maana hushika moto upesi. Mchoro wa kiwandani, ile mikwaruzo mpini uliyotoka nayo, uondoe kwa msasa namba 120, ulainishe kwa 220, na usugue kwa maji ili vumbi la glasi lisipae likaingia mapafuni. Hatua hii wengi huiruka. Ukichoma juu ya mchoro wa zamani, nukta zinatua nyingine mlimani nyingine bondeni, na hakuna ustadi wa mkono utakaozisawazisha.

Hapa kwenye mpaka ndipo pa kutumia muda. Bandika tepu ya karatasi, ile ya mafundi rangi, upande mmoja wa mpini. Chora umbo unalolitaka, likate kwa kisu chenye ncha, libandue na kulilaza juu ya karatasi ngumu upate kigezo. Kigeuze, ukitumie upande wa pili. Hivyo tu ndivyo pande mbili zitakavyofanana. Jicho peke yake litakudanganya, kwa sababu kitufe cha magazini kiko upande mmoja na hukufanya uamini kuwa umbo limepinda wakati liko sawa. Chora kwa penseli ya rangi ya fedha, inayoonekana kwenye plastiki nyeusi. Acha milimita 3 kuzunguka kila tundu la pini, na 2 kutoka ukingo wa tundu la kitufe na mdomo wa chini wa kuingizia magazini. Sehemu hizo hubeba nguvu au hupitisha kitu kinachotembea.

Kisha chimba mpaka wenyewe, mfereji wa kina cha nusu milimita. Unaweza kutumia ncha ya pasi iliyochongwa kama kisu, au keekee ndogo ya mkononi yenye kichwa cha mviringo cha milimita 1 na nusu, kwa mwendo wa polepole. Mwendo wa kasi huyeyusha plastiki, kichwa kinanata na kuruka nje ya mstari. Pitisha mara tatu kwa wepesi, usipitishe mara moja kwa nguvu. Kwenye kona simama, inua chombo, geuza fremu, kisha endelea. Anayejaribu kupinda kona bila kuinua mkono huishia na kona ya duara upande mmoja na ya ncha upande wa pili. Mfereji huu ndio utakaozuia nukta zisivuke, na ndio utakaotazamwa na kila atakayeishika bastola hiyo.

Ndipo tunafika kwenye joto. Tumia pasi yenye kidhibiti. Kalamu za kuchomea mbao zisizo na kidhibiti huweza kupanda kupita nyuzi 400 na kuunguza badala ya kuyeyusha. Anza nyuzi 280 kwenye kitako cha magazini, upande kwa 10 kila mara, mpaka ncha izame kwa nusu sekunde na kutoka safi. Kwa fremu nyingi utasimama kati ya 280 na 340. Itazame nukta moja kwa karibu, chini ya taa ya pembeni: iliyo sawa ina kishimo kisichong'aa, na mdomo mdogo uliosimama kukizunguka pande zote. Joto likizidi, kishimo kinang'aa, ncha inavuta uzi mwembamba kama wa buibui inapoinuka, na moshi unaonekana. Likipungua, ncha inakokota, mdomo unainuka upande mmoja tu na plastiki inachanika badala ya kusogea.

Moshi huo haufai kuvutwa hata kidogo. Fungua madirisha, weka feni inayouvuta mbali na uso wako, na uvae barakoa yenye vichujio vya mvuke wa kikemikali. Ya kitambaa haisaidii kitu.

Ncha ya duara ya milimita 1 na nusu hadi 2 inatosha. Choma kwanza safu moja inayofuata mpaka kwa ndani, nukta zikigusana, kisha jaza kuelekea katikati. Shusha wima, hesabu nusu sekunde, inua wima. Ukiinua kwa mshazari mdomo unalala na mpini unakuwa laini upande mmoja, mkali upande mwingine. Kila nukta ipande juu ya jirani yake kwa theluthi moja hivi, na mpangilio usiwe wa mistari. Mistari iliyonyooka ndiyo migumu kuliko yote, kwani kosa dogo moja huonekana hadi mwisho wa safu. Futa ncha kwenye nyuzi za shaba baada ya kila nukta ishirini hivi, maana masizi yaliyoganda hupunguza joto na nukta huanza kutofautiana bila wewe kujua sababu.

Usikae mahali pamoja. Joto hujikusanya, ukuta unalegea na kuingia ndani. Ukimaliza eneo la ukubwa wa kidole gumba, hamia upande wa pili, acha la kwanza lipoe, kisha pitisha magazini tupu kwenye tundu lake. Ikianza kugusa, umebonyeza kwa nguvu mno.

Baada ya hapo piga mswaki mkavu mgumu kuondoa masalia, halafu pitisha msasa 320 juu juu kuvunja ncha kali. Kiasi cha ukali ni uamuzi wa kweli: mpini wa bastola ya mashindano uwe mkali utakavyo, lakini wa kubeba kiunoni chini ya nguo utakula shati na ngozi ndani ya siku chache. Na tafadhali usilete kile kifaa cha kupuliza hewa moto ati kulainisha. Hupinda fremu yote.

Wanaotaka kuondoa mabonde ya vidole au kupunguza mgongo, jazeni kwanza uwazi wa ndani kwa gundi ngumu ya epoksi, baada ya kukwaruza plastiki ili ishike, na mngoje saa 24. Ila epoksi haiyeyuki, huungua. Ukisaga hadi kuifikia, hapo hutachoma nukta. Patabaki kiraka laini katikati ya kazi yako.

Kama mkono wako hautulii, mpe fundi, na si aibu. Mwombe picha za pande zote mbili za bastola moja, pamoja na pale mchoro unapokutana na kitufe cha magazini na chini ya mkia wa fremu, pale panapochomoza nyuma juu ya mkono. Picha ya upande mmoja mzuri haithibitishi lolote. Muulize kama huifungua fremu yote, na atafanya nini akiitoboa. Anayesita kulijibu swali hilo la pili, chukua fremu yako uondoke. Wapo mafundi wanaochoma kwa leza: hutoa kina kinacholingana na kingo zilizonyooka, lakini mkono hufuata vizuri zaidi mikunjo ya chini ya kinga ya triga. Asiyetaka kuchoma kabisa atumie tepu ya msasa iliyokatwa kwa umbo la mpini, ambayo hung'oka ukibadili nia.

Ukirudishia vifaa, jaribu bila risasi: triga irudi, kitufe cha magazini kirudi chenyewe, na magazini tupu idondoke kwa uzito wake ukibonyeza. Isipodondoka, paka wino wa kalamu kwenye pande za magazini, iingize na kuitoa, utaona mahali wino ulipofutika. Mkabala na hapo ndani ya tundu ndipo plastiki ilipovimba. Ikwangue kidogo kidogo kwa wembe ulioshikwa wima, ukijaribu magazini kila baada ya mkwaruzo mmoja au miwili.