Usisindike chakula peke yako: niliyojifunza kwa jirani wa Kiamishi

Sisi tuliokulia mkoa wa Mara tulilijua jina la Lancaster, Pennsylvania, Marekani, kabla hatujajua liko wapi. Wamisionari wa Kimennonite waliofika Shirati mwaka 1934 walitoka huku. Waamishi ni ndugu zao wa imani; walijitenga nao Ulaya mwaka 1693, wakimfuata Jakob Ammann. Nilipohamia hapa na kuwaona na magari yao ya farasi na nyumba zisizovuta umeme wa nguzo, nilidhani kila familia inajitegemea yenyewe. Nikaamua kuiga.

Nilinunua kapu zima la maharage machanga ya maganda kwenye kibanda cha kando ya barabara, nikayajaza kwenye chupa za kioo na kuzichemsha katika sufuria ya kawaida. Baada ya wiki chache vifuniko vilianza kuvimba. Nilimweleza mama wa Kiamishi ninayenunua mayai kwake. Akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema: zitupe bila kuzifungua, usionje hata tone.

Tafadhali lishike hili. Maharage hayana ukali wa asidi wa kutosha, na bakteria wanaotengeneza sumu ndani ya chupa hawafi kwa maji yanayochemka tu. Yanahitaji sufuria maalumu ya presha ya kusindikia, ifike nyuzi 116 hivi. Tena sumu hiyo inaweza kuwemo bila harufu wala dalili yoyote. Nyanya nazo, kwa chupa ya karibu lita moja, tia vijiko viwili vya chakula vya maji ya limau ya dukani, kwa sababu ukali wake haubadilikibadiliki. Anayeanza aanze na achari ya siki au jamu.

Mama yule akanialika barazani kwake. Nilikuta mkwewe, dada zake na mabinti, kila mmoja na beseni mapajani, wakikata maharage na kuongea Kijerumani chao cha Pennsylvania. Mmoja alikaa na geji ya presha tu, haondoki. Hapo ndipo nilipoelewa kosa langu: nilikuwa nimeiga chupa, nikauacha ujima.

Kwao kila jambo huenda hivyo. Ibada hufanyika majumbani, Jumapili moja ndiyo, inayofuata hapana, na mabenchi husafirishwa kwa gari la farasi kutoka nyumba hadi nyumba. Baada ya ibada chakula ni kilekile: mkate, siagi ya karanga iliyotiwa utamu, achari, bitiruti, kahawa. Naupenda sana utaratibu huo, maana mwenye nyumba maskini hana cha kuonea aibu. Mtu akilazwa, kanisa huchanga. Tangu 1965 sheria ya Marekani inawaruhusu kutochangia mfuko wa serikali wa hifadhi ya jamii, kwa kuwa wanatunzana wenyewe. Yapo masharti yao nisiyoyaweza, kama shule kuishia darasa la nane, lakini kwa hili nawavulia kofia.

Kwa hiyo kabla hujanunua chupa, tafuta watu. Sisi tuko wanne: mimi, dada wawili wa Bukavu na mama mmoja wa Kisumu. Tulichanga tukanunua sufuria moja ya presha. Wiki hii iko kwa dada wa Bukavu, na Jumamosi tunakutana kwangu na nyanya.