Fidia kwa mtindi uliowaugulisha: itunze pakiti kwanza

Ndugu, poleni sana. Umeuliza kama mnaweza kudai fidia kwa kuugua baada ya kunywa mtindi wa pakiti mlionunua Kirumba, Mwanza. Mnaweza, kwa madai ya uzembe, yaani kwamba mtengenezaji hakuchukua tahadhari inayostahili, kwani tangu shauri la Donoghue dhidi ya Stevenson lililoamuliwa Uingereza mwaka 1932 imekubalika kwamba mtengenezaji anawajibika kwa mlaji hata kama hawakuuziana chochote.

Ninachohofia ni ushahidi. Tafadhali usiitupe pakiti hiyo, maana namba ya toleo na tarehe ya mwisho wa matumizi, ambazo kwa kawaida hugongwa karibu na mshono wa juu, ndizo zitakazoonyesha mtindi huo ulitoka kwa mtengenezaji yupi. Mabaki yafunge vizuri, uyaweke kwenye jokofu. Mwombeni daktari apime choo na kuandika majibu, kwa sababu wakili wa upande wa pili hatasita kusema kwamba mliugua kwa maji ya ziwani.

Toeni taarifa kwa Shirika la Viwango Tanzania (TBS), linalosimamia usalama wa chakula tangu 2019, ila fidia yenyewe huamuliwa mahakamani, na madai ya uzembe hufunguliwa ndani ya miaka 3. Msipomudu wakili, ombeni msaada chini ya Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017.