Umeme-Karakana, Umeme-Duka: gharama za pamoja zigawanywe vipi kwenye Tally?

SWALI: Habari za kazi, mtaalamu. Mimi ni mhasibu wa kampuni yenye karakana ya magari, duka la vipuri na malori ya mizigo. Idara zote ziko kwenye jengo moja la kupanga hapa Dar es Salaam. Bosi anataka kuona faida ya kila idara, kwa hiyo nimefungua akaunti za Umeme-Karakana, Umeme-Duka na Umeme-Usafirishaji, na hivyo hivyo kwa pango, walinzi na intaneti. Kila tukinunua LUKU (umeme wa kulipia kabla) nakaa na kikokotoo kugawa risiti. Tena meneja wa duka ananilalamikia kila mwezi kwamba namtia hasara. Tunatumia programu ya uhasibu ya Tally. Nifanyeje?

JIBU: Salama, mhasibu mwenzangu. Aina nne za gharama kwa idara tatu tayari zimekupa akaunti 12, na bosi akifungua sehemu ya matairi kesho zitakuwa 16. Nami nilianza hivyohivyo, hadi siku mkaguzi aliponiuliza jumla ya umeme wa mwaka nikalazimika kuitafuta kwa Excel.

Akaunti ikwambie pesa imelipia nini, basi. Imetumika kwa ajili ya nani, hilo ni la kituo cha gharama, au kosti senta kama tunavyosema ofisini. Kwenye TallyPrime bonyeza F11, washa vituo vya gharama, kisha fungua vinne: Karakana, Duka, Usafirishaji na Utawala. Hicho cha nne ndicho unachokikosa, na ndicho kitakachokuondolea kikokotoo. (Wanaotumia programu ya QuickBooks wana klasi, zinazofanya kazi hiyohiyo, kwa QuickBooks Online zinaanzia kifurushi cha Plus.)

Sasa, risiti ya LUKU iingize nzima kama ilivyo, akaunti ya Umeme, kituo cha Utawala. Usiikate vipande. Risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi, ina kiasi kimoja na VAT moja, na ukiiingiza kwa mafungu matatu utahangaika siku ya kulinganisha na ritani ya VAT. Kugawa ni kazi ya mwisho wa mwezi, mara moja tu.

Pango ni jepesi kwa sababu halibadiliki. Tuseme ni shilingi 6,000,000 kwa mwezi kwa mita za mraba 500: karakana 300, duka 100, usafirishaji 50, utawala 50. Hapo asilimia ni 60, 20, 10 na 10. Tally inakuruhusu kuziweka asilimia hizo mapema kwenye klasi ya vituo vya gharama (Cost Centre Class), nayo igawe yenyewe kila unapoingiza ankara. Duka linabeba 1,200,000, Utawala 600,000.

Umeme usiugawe kwa mita za mraba. Karakana ina kompresa na mashine ya kuchomelea. Duka lina taa na feni. Mwambie fundi afunge mita ndogo ya ndani upande wa karakana, usome yuniti kila mwisho wa mwezi, uzidishe kwa bei mliyonunulia, uhamishie karakana kiasi hicho. Kinachobaki kiache Utawala.

Tuseme sasa Utawala una pango 600,000, mishahara ya ofisi 3,600,000, pamoja na walinzi, intaneti na umeme uliobaki 800,000. Jumla 5,000,000. Kigezo kinachofaa hapa ni idadi ya wafanyakazi: karakana 12, usafirishaji 10, duka 3. Kila kichwa kinabeba 200,000. Fungua akaunti moja mpya chini ya gharama, iite Mgawo wa Utawala, iruhusu itumie vituo, kisha andika vocha ya jarida: debiti Karakana 2,400,000, Usafirishaji 2,000,000, Duka 600,000, krediti Utawala 5,000,000. Akaunti ni hiyohiyo pande zote mbili, kwa hiyo salio lake ni sifuri na faida ya kampuni haiguswi hata senti. Ukiona salio, ujue umekosea. Hesabu isipogawanyika sawasawa, idara ya mwisho ichukue masalia.

Kuna watakaokushauri ugawe kwa mauzo. Mimi sikubali. Duka likiuza zaidi mwezi huu linabebeshwa mlinzi zaidi, na hali mlinzi ni yuleyule na lango ni lilelile.

Tuje kwa meneja wako wa duka, maana ana hoja. Chukua mfano: duka limebakiza 1,600,000 baada ya kulipia bidhaa na wauzaji wake. Ukiondoa pango 1,200,000 na mgawo 600,000, linasomeka hasara ya 200,000. Bosi akiona hivyo atasema lifungwe. Likifungwa, ile 1,800,000 haiondoki: mwenye nyumba bado anadai, ofisi bado inalipwa, na mzigo unaangukia karakana na malori. Kampuni inakuwa imepoteza 1,600,000 kwa mwezi ili kuokoa 200,000, isipokuwa kama nafasi hiyo itapata mpangaji. Kwa hiyo ripoti yako iwe na mistari miwili kwa kila idara, faida kabla ya mgawo na faida baada ya mgawo. Meneja ahojiwe kwa mstari wa kwanza. Wa pili ni wa bosi, wa kupangia bei.

Vigezo vyenyewe viandike kwenye karatasi moja, bosi asaini, visiguswe katikati ya mwaka wa hesabu hata meneja akinung'unika vipi. Mtu akihama idara, badilisha idadi ya vichwa tu.

Zile akaunti 12 usizifute, zina miamala ndani. Anza utaratibu mpya tarehe 1 ya mwezi ujao, miezi ya nyuma ihamishe kwa jarida moja kwenda akaunti mama za Umeme, Pango, Walinzi na Intaneti, kila salio na kituo chake. Kisha ziandike jina jipya linaloanza na ZZ, zikae chini kabisa ya orodha mtu asizichague kwa bahati mbaya.