Jasho ndilo lililokuwa likinirudisha ndani, si baridi

Mwaka wangu wa kwanza Minneapolis, Marekani, niliacha kutembea Novemba, nikaanza tena Aprili. Miezi mitano ya kukaa. Presha ilipanda, magoti yakawa yanauma kila nikipanda ngazi. Mimi ni mtu wa Tanga, niliyezoea kutembea alfajiri Raskazone na kanga begani, na nilikuwa nimejiaminisha kwamba theluji si ya mwili wangu.

Ilikuwa siku moja tu iliyonikatisha tamaa. Nilivaa fulana ya pamba, sweta mbili, na lile koti zito la kazini, nikalizunguka Ziwa Nokomis kwa kasi. Ni kilomita nne na ushee. Kufika nusu, jasho lilikuwa likitiririka mgongoni. Nikaenda kituoni, basi likachelewa dakika kumi. Fulana ile ikanigandia mgongoni kama kitambaa kilichochovywa kwenye maji ya barafu. Meno yaligongana hadi mama mmoja mgeni kwangu akanivulia skafu yake.

Kosa lilikuwa mavazi, na sisi tuliotoka nchi za joto wengi wetu hulifanya: tunaiogopa baridi, tunajirundikia nguo. Pamba hunywa jasho na kukaa nalo. Ukisimama tu, linakupoza. Siku hizi ngozini navaa sufu nyembamba, juu yake sweta moja jepesi, kisha jaketi la kuzuia upepo, lenye zipu ninayoishusha mwili ukishika moto. Dakika tano za mwanzo lazima nisikie baridi kidogo. Nikijiona nina joto zuri nikiwa bado mlangoni, najua nimezidisha, narudi kupunguza.

Kichwani mzula unaofunika masikio. Mikononi glavu za mfuko, zile ambazo vidole vinne hukaa pamoja, maana vidole vikigusana hupeana joto. Soksi ni jozi moja ya sufu. Ukivaa mbili zikabana ndani ya buti, damu haizunguki vizuri na miguu inazidi kupoa. Usoni napaka mafuta ya mgando. Hayo huzuia ngozi kupasuka, lakini baridi kali hayaizuii, kwa hiyo skafu haiachwi.

Tena, angalia upepo unakotoka. Anza kwa kuukabili, ili wakati wa kurudi ukusukume mgongoni. Ukianza nao mgongoni, utarudi una jasho huku unakupiga usoni.

Saa ya kutembea nayo niliibadilisha. Desemba jua huchomoza karibu saa 2 asubuhi na kuzama yapata saa 10:30 jioni, hivyo anayesubiri atoke kazini atatembea gizani kila siku. Mimi nilihamia mapumziko ya mchana, saa 6, dakika 25 tu. Ni fupi, lakini haikatiki. Na nina jirani wa Mombasa ambaye hupiga simu kabla sijapata nafasi ya kughairi: "Dada, ushavaa?" Hata nikiwa sijavaa, namjibu natafuta mzula, kisha naukimbilia kweli. Siku nyingi ni simu hiyo inayonitoa ndani.

Kinachoniogopesha hasa ni barafu. Sheria ya mji inamtaka mwenye nyumba aondoe theluji kwenye njia ya miguu mbele yake ndani ya saa 24 baada ya theluji kukoma, na wengi hutii. Lakini theluji iliyobaki pembeni huyeyuka mchana, maji yakapita njiani, usiku yakaganda tena. Asubuhi unaona lami imelowa kidogo tu, kumbe ni kioo. Hasa pale magari yanapotokea majumbani, punguza hatua, kanyaga kwa wayo mzima, mikono nje ya mifuko. Nilinunua vile vyuma vyenye meno vinavyovutwa juu ya soli kwa mpira. Wenye umri wangu, msione haya kuvivaa. Nyonga ikivunjika, hasara yake ni kubwa.

Zipo siku za kubaki ndani. Tarehe 30 Januari 2019 hapa ilifika nyuzi 33 za Selsiasi chini ya sifuri. Upepo ukifanya baridi isikike kama nyuzi 28 chini ya sifuri, ngozi iliyo wazi inaweza kuganda ndani ya nusu saa, na mwenye pumu au moyo aongee na daktari hata kabla ya hapo. Siku hizo tunapanda basi kwenda katikati ya mji kwenye Skyway, yale madaraja ya vioo yanayounganisha majengo kwa ghorofa ya pili. Tunabeba makoti mkononi, tunatembea dakika 40 huku tukiiona theluji chini. Angalia tu saa za kufunga kabla ya kwenda. Mwisho wa wiki sehemu nyingi hufungwa mapema, na kurudi kwa nje bila kujipanga si jambo dogo.